Mkoba Unaojikunja

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya kampuni nisiyoijua. Eti mikoba yangu — ile inayokunjwa ikaingia kwenye mfuko wake wenyewe — ni uvumbuzi wao, wana hataza, hati ya serikali inayowapa wao peke yao haki ya kuitengeneza. Niache kushona au nilipe, la sivyo mahakamani. Mume wangu kauliza hataza ndiyo nini, binamu yake hasara? Nilicheka. Ila uzi uligoma kuingia kwenye sindano.

Jumatano, 6 Machi
Nimewajibu kiungwana. Samahani sana kwa usumbufu, mkoba huu nilifundishwa na mama. Basi, yameisha.

Jumanne, 12 Machi
Hayajaisha! Wamenishtaki. Nimekwenda kwa wakili, ofisi yake juu ya duka la viatu. Kasoma jibu langu, kavua miwani.
"Uliwaomba samahani ya nini?"
"Sikuomba. Ni adabu tu."
Wao wanasema nimekiri. Jamani, hata njia tunauliza kwa samahani!
Wakili anasema watu hao hawashoni hata leso. Kazi yao kutisha mafundi, na wengi hulipa kwa kuogopa kesi. Hataza yenyewe ni ya juzijuzi. Tukithibitisha mkoba ulikuwepo kabla, itafutwa, na mafundi wote watapumua. Mama alikuwa akiushona kabla sijazaliwa! Lakini siku hizi anasahau, watamchanganya kwa maswali. Dada atatoa ushahidi badala yake. Sote wawili tulifundishwa kwenye cherehani ile ile, na sasa ana duka lake.

Ijumaa, 15 Machi
Dada hapokei simu. Nimemfuata dukani. Mikoba yake ina kibandiko kipya — jina la kampuni! Naye alipata barua. Kalipa, katia saini kwamba uvumbuzi ni wao na hatawapinga kamwe.
"Nina watoto, mdogo wangu. Wangefunga duka."
Sikumtukana. Nilitaka. Nina hasira naye, tena namwelewa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 17 Machi
Mama kasikia habari za kesi. Haogopi hata kidogo — kafurahi! Anataka kumwonyesha hakimu mwenyewe anavyokunja. Kaamka mapema, kavaa gauni la kutokea, anafanya mazoezi mezani. Anasema mahakamani tutakaa watatu, yeye katikati, wanawe huku na huku. Kaniuliza dada anafika saa ngapi. Nikasema ngoja nibandike chai. Niko jikoni naandika. Ananiita.