Moto wa Zizini, kwa Dada Zuhura

Dada Zuhura,

Nakaa kuandika, nainuka. Kuku akiparua majani nyuma ya nyumba nadhani ni buti za askari. Hata sasa mistari inapinda, nawe ndiwe uliyekuwa ukiisifu hati yangu tangu tuko chuoni. Nivumilie.

Tulikuzika karibu na Baba. Wale askari wa Mdachi waliokupiga risasi ukingoni mwa msitu walisema kila atokaye humo anawapelekea chakula watu wa vita. Wewe ulikuwa na mzigo wa kuni kichwani, basi. Majirani walikubeba pamoja na mzigo wako, na kuni zile ndizo zilizochemsha maji ya kukuoshea. Haukubaki hata ujiti.

Tangu hapo kijiji chetu cha Mtunda kizima hakuna anayethubutu kwenda msituni. Watu wamechoma vitanda, wamechoma milango. Bi Hadija wa jirani alichoma mlango na kinu chake. Sisi tulikuwa tunakunywa maziwa mabichi na kutafuna mihogo, na mwanao Mwanahawa akaanza kuharisha. Mama akajifunga kibwebwe, akachukua panga aende msituni. "Mimi mzee, wataniua wapate nini?" Nikasimama mlangoni. Nilimshika mikono kwa nguvu, dada, mama yetu mzazi, mpaka akaketi chini akilia.

Ndipo nikamkumbuka yule mke wa Mhindi kule Nyamisati, tulikokuwa tukipeleka samli. Unakumbuka mavi ya ng'ombe aliyokuwa akiyafinyanga kama mikate, akiyabandika ukutani yakauke, kisha akayapikia? Siku ile alitupatia chapati, nawe ulicheka njia nzima. "Mdogo wangu, leo umekula chapati ya zizini!" Basi nikaingia zizini kwako. Niliyachanganya mavi na pumba za mpunga, nikayafinyanga, nikayabandika. Ya kwanza niliyawasha mabichi, moshi ukatutoa nje sote. Nikangoja jua liyakaushe mpaka ukiyagonga yanalia kama kigae. Safari hii yakashika. Moto wake hauna makeke, dada. Unakaa mwekundu, taratibu, na uji unaiva.

Mwanahawa alikunywa. Mama hakugusa. "Najisi hiyo. Zuhura wangu amekufa na udhu wake, mimi nile mavi?" Nikaenda kwa mwalimu wetu wa chuo. Akasema, "Funikeni chungu, pikeni, mle. Mungu hakutudai roho zetu kwa ajili ya kuni." Nikamletea Mama maneno hayo. Akanigeuzia mgongo.

Kisha askari wakaja. Walipita nyumba hadi nyumba wakitafuta kuni mbichi, maana mwenye kuni mbichi ametoka msituni. Jikoni kwetu mmoja alichokoa moto kwa fimbo, akainama kutazama, akatema mate. "Hawa wanapikia mavi!" Wakacheka kama ulivyocheka wewe, nami nilitaka kuwauma. Walichukua dume na ndama, wakatuachia majike wawili waliokonda. Kwa Bi Hadija walikuta kuni mbichi; kumbe alithubutu. Wakaondoka naye. Hajarudi, na kila nikipita kwake natazama ndani, kwa kuwa mlango haupo.

Siku ile Mama alikula. Asubuhi nilimkuta zizini, mikono imezama mpaka viwiko, anafinyanga haraka kuliko mimi. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Niache. Tungelijua hili mapema, mwanangu angelikuwa hai." Nikachutama kando yake, tukafinyanga.

Mumeo Saidi hatujamwona tangu aliponyunyiziwa yale maji ya dawa ya Ngarambe akaondoka na wenzake. Wapo wanaosema maji hayakuzuia risasi; wengine hunyamaza tu. Majirani huja kuomba mavi makavu, nasi tunagawa, ingawa ng'ombe wawili hawatoshi mtaa mzima na nyasi zinakauka. Najua askari watarudi kuwachukua na hawa. Ndiyo maana siwezi kutulia, ndiyo maana kila mstari nauacha nikachungulie nje.

Mungu akupe kauli thabiti, dada yangu. Ninakuahidi hivi: wakiwachukua ng'ombe, nitatafuta kingine cha kuwasha, nitang'oa boriti za nyumba hii ikibidi, lakini Mwanahawa hatatumwa kuni msituni. Hatatumwa na mimi, wala na Mama, wala na njaa.

Kwaheri, Zuhura. Mtoto ameamka, anataka uji. Naenda kuwasha moto.

Mdogo wako,
Mwanaidi