Gereji Yenye Meza Moja

Jumapili, mangaribi

Nilimgombeza, na maneno hayarudi.

Tulikuwa nyuma ya lupango, kiwanja chetu chenye ua, mimi na yaya Donatien, kaka yangu mkubwa, tukipima kwa kamba mahali pa gereji yetu, ile tunayotaka kuijenga mbali na nyumba. Ncha ya kamba ikamtoka mkononi mara ya tatu.

"Yaya, kama hautaki kazi, sema!"

Akaketi juu ya matofali.

"Mukono haisikie tena," akasema. "Munganga alisema ugonjwa itashuka mpaka ku miguu."

"Alikuambia lini?"

"Ku Pasaka. Chora meza ya kazi moja tu, ya kwako. Na mulango uiongeze, kiti ya magurudumu ipite."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza misumari.

Tangu Pasaka! Miezi yote hiyo tulibishana nani aweke meza yake penye mwanga, naye akijua. Kama nisingepiga kelele leo, sijui kama angeniambia...

Mlango nimeupanua kwenye karatasi. Meza yake nimejaribu kuifuta, nikaishia nusu. Kesho asubuhi atakuja kuangalia mchoro.