Usimkodolee Macho Akila

Machi 4

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo huko ughaibuni? Sisi tupo, tunasukuma. Cherehani inalia, mgongo unalia, mimi tu ndiye sijalia leo.

Nina shida mbili na zote zinaishi nyumba moja. Ya kwanza ni huyu chatu wako, Kamba. Tangu uniachie kasha lake la kioo ukapanda ndege, hajatia kitu mdomoni. Namtoa panya kwenye friji, naziba pua, namwekea mbele yake, naye ananitazama kama mteja aliyeletewa gauni la mwenzake. Namsemesha, nampapasa, nafunua kisanduku chake cha kujifichia kila saa. Wapi!

Ya pili ni Baba. Tangu tumzike Mama, chakula kwake ni adui. Daktari kampima kila kitu, anasema ugonjwa hana, ila asipokula atatutoka. Nakaa naye mezani nambembeleza, "Kijiko kimoja tu, Baba," anafumba mdomo kama mtoto. Naogopa, mdogo wangu. Mama ndiyo kwanza tumemzika, sina nguvu ya msiba mwingine.

Ni mimi dada yako.

Machi 22

Dada, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta salama. Mimi mzima, ila baridi ya ghala hili la samaki haina adabu hata kidogo. Jioni navua glavu na vidole vinakataa kunitambua.

La Baba limenikata maini, na nikiwa huku sijui nifanye nini. La Kamba nalijua, basi niseme ninalolijua. Panya asiwe baridi. Mtie kwenye mfuko, umloweke maji ya moto mpaka awe na joto la kiumbe hai. Mpe jioni, taa ukizima. Mshike kwa koleo refu umtikise kidogo, na Kamba asipokuja, mwache panya mlangoni mwa kisanduku cha kujifichia. Kisha toka, funga mlango. Usimpapase. Usifunue kisanduku kuchungulia. Na zaidi ya yote, usimkodolee macho akila. Nyoka akitazamwa anajiona anawindwa, hawezi kumeza. Wewe nakujua, huchelewi kumfunua kama sufuria ya maharage.

Mbusu Baba.

Mdogo wako.

Aprili 15

Mdogo wangu,

Hujambo? Usicheke, lakini barua yako nimeitumia kwa wote wawili.

Kamba kala! Nilifanya kila ulichosema, asubuhi panya hayupo na yeye kavimba tumboni. Nikajisemea, ngoja nijaribu kwa mzee. Nikampelekea chakula cha moto chumbani kwake, nikapunguza taa, nikatoka, nikafunga mlango. Sikumbembeleza, sikumsemesha. Sahani ikarudi nyeupe! Nililia jikoni kwa furaha, machozi na makamasi.

Na si hilo tu. Unakumbuka Baba alivyoapa kwamba hatalala chumba kimoja na nyoka? Juzi kanikuta nahangaika na lile koleo, akaninyang'anya. "Lete hapa, utamvunja meno abiria wangu." Udereva wa malori haujamtoka, kila kiumbe kwake ni abiria. Kasha sasa liko chumbani kwake. Jioni namletea panya na sahani kwenye sinia moja, nafunga mlango, wanakula wawili kama makapera. Asubuhi ananiambia, "Jana tulikula vizuri."

Mungu akubariki wewe na mdudu wako.

Dada yako.

Juni 9

Mdogo wangu,

Salamu. Kamba kagoma tena. Panya narudishiwa kwenye sinia kama alivyokwenda. Baba anauliza kila siku kama nimekuandikia. "Mwambie abiria wangu hali." Yeye sahani zake zinarudi tupu, kwa hilo namshukuru Mungu, lakini moyo wake umeshuka. Jana nilimsikia akimsemesha Kamba kwa sauti ndogo, akamwita kwa jina la Mama. Sikuingia.

Jibu upesi.

Dada yako.

Juni 28

Dada, shikamoo. Pole na mahangaiko.

Mwambie Baba asiwe na wasiwasi kabisa. Chatu dume hugoma msimu wa baridi, miezi hata mitatu, na wala hadhuriki. Ana akiba mwilini. Msimlazimishe, maana ukimlazimisha atatapika na atazidi kususa. Akiwa tayari, atakula mwenyewe.

Habari njema: likizo yangu imekubaliwa. Desemba nipo nyumbani. Mwambie Baba nitamkalisha barazani anisimulie safari zake zote upya, hata zile za uongo.

Mdogo wako.

Agosti 3

Mdogo wangu,

Hujambo? Nilimsomea Baba barua yako, akacheka mpaka akakohoa. Lile neno lako limemkaa. Nikimwuliza kama kashiba, anajipiga kifua, "Nina akiba mwilini." Nikitaja Desemba, anatazama dirishani.

Lakini kuna kitu sikielewi. Suruali zake nimezipunguza kiuno, baadaye nikazipunguza tena. Nimeshona maisha yangu yote, mwili ukipungua mimi ndiye wa kwanza kujua. Na sahani zinarudi tupu, naziona kwa macho yangu! Halafu chumba kinanuka. Nilitaka kulisafisha kasha, Baba akawa mkali. Anasema maranda anayolalia Kamba anayabadilisha mwenyewe, na wewe ulikataza kisanduku kisifunuliwe.

Niambie nifanyeje. Nikae naye tena akila?

Dada yako.

Agosti 21

Dada, shikamoo.

Harufu isikutishe, huenda Kamba anataka kujivua gamba. Hapo ndipo hataki bughudha kabisa, msikifunue kisanduku. Kuhusu Baba, uzee nao unakondesha. Mwongezee mayai. Ila usirudi kumkalia mezani. Umemkalia mwanzo akasusa, umemwachia nafasi akala. Unataka kuharibu kilichotengemaa?

Vumilieni, Desemba si mbali.

Mdogo wako.

Septemba 19

Mdogo wangu,

Pole, na mimi nipe pole. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Baba katutoka usingizini. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, nisingeweza kusema yaliyobaki. Leo wameondoka.

Niliingia kusafisha chumba. Nikafungua kasha, nikafunua kile kisanduku. Kilikuwa kimeshindiliwa mpaka juu. Mkate, viazi, mayai, wali, vyote nilivyopika, vimeota ukungu. Vingine Baba kavizika chini ya maranda, chini kabisa vimekuwa tope. Kamba alikuwa kajikunja kwenye kona ya kioo, peupe, maana hakuwa na pa kuingia. Msimu gani wa baridi? Alisusa kwa sababu pa kulia palijaa chakula cha Baba. Alikuwa akituambia, nasi tukasema ana akiba mwilini.

Sikulaumu. Wewe uliandika habari za nyoka. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa mtu.

Jioni yake ya mwisho nilisimama nje ya mlango, mkono kwenye kitasa. Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Nikasema moyoni, anakula, usimharibie. Nikarudi kwenye cherehani kubana suruali yake nyingine. Ndiyo tuliyomzika nayo.

Nimelisafisha kasha, nimerudisha kisanduku kitupu, nimeweka maranda mapya. Jana nimempasha panya kama ulivyofundisha. Lakini sikuzima taa wala sikutoka. Nilivuta kiti cha Baba, nikakaa uso kwa kioo, nikamkodolea macho. Nilitaka asuse. Nilitaka nione kwamba kweli ukimtazama hawezi.

Kala, mdogo wangu. Alimshika panya mara moja, akammeza taratibu kuanzia kichwa mpaka mkia, akinitazama na mimi nikimtazama, na taa inawaka.

Dada yako.