Chaki Anakusalimu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa penye mwanga na viatu umevua, maana najua ukitoka kiwandani miguu hukuuma. Sisi huku tunapumua. Mimi mafua yaliniandama wiki nzima, yameondoka na kuniachia sauti ya bata. Cherehani yako bado ipo pale dirishani. Naifuta vumbi na kuitia mafuta kila Jumamosi, usije ukasema mdogo wako ni mvivu, hodari wa kumeza vifungo tu kama utotoni.

Barua yako ya mwezi jana niliisoma mara tatu. Kama kawaida yako, umemuulizia Chaki mistari kumi na miwili, na Baba hukumgusa hata kwa nukta. Basi leo nikuandikie habari za Chaki zote, tangu mwanzo, maana siku hizi namfikiria mpaka namwona.

Unakumbuka alivyokuja? Aliingia dukani siku ya mvua, mwili mzima kijivu, miguu minne myeupe, na Baba akasema huyu paka amekanyaga chaki zangu. Jina likawa ndilo hilo, na meza ya kukatia ikawa kitanda chake. Saa nane hivi, jua lilipopenya dirishani na kuweka kipande chake juu ya kitambaa, Chaki alijilaza papo hapo. Jua lilivyosogea ndivyo naye alivyosogea, macho kayafumba, hadi wote wawili wakafika ukingoni mwa meza. Cherehani zinaunguruma, yeye anaunguruma, mvuke wa pasi unapanda, nami nashona matundu ya vifungo nusu nimelala. Mpaka leo nikisikia harufu ya sufu iliyopigwa pasi, usingizi hunijia.

Na Baba, mkali yule, aliyetugombeza kwa uzi uliokatika, hakuwahi kumwamsha. Alichora kitambaa kwa kumzunguka. Mstari ukifika mkiani unapinda, halafu anangoja paka ainuke ndipo auunganishe. Wateja walikuwa wakisema duka letu lina bosi anayelala kazini. Na ile futi ya kupimia, mara ngapi tuliitafuta, kumbe ameiburuta mpaka kwenye kikapu chako cha vipande! Wewe ukienda kupelekea watu nguo zao, saa kumi na moja kasoro yeye yuko kizingitini, masikio mbele, anakungoja. Saa hakuwa nayo, lakini hakukosea hata siku moja.

Lililotuponza nalo lilitokea juu ya meza hiyohiyo. Baba alichora suruali ya mwalimu wa kwaya akimzunguka Chaki, akasahau kuunyoosha mstari, akakata hivyohivyo. Mwalimu alipoijaribu, mguu mmoja uliishia juu ya kifundo, mwingine unafagia sakafu. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Wewe ukasema kosa si la paka, ni la macho, na Baba auweke mkasi chini kabla hajatuaibisha. Ulisema kweli, dada, lakini uliisema mbele ya mteja. Baba naye akakujibu kwamba kama duka ni la kipofu, mlango unaujua. Miaka mitatu sasa tangu utoke, na kichwa kigumu mnacho wote wawili, sijui nani kamzidi mwenzake.

Cha kuzungumza mkabaki na Chaki tu. Wewe ukiuliza kama Chaki anakula, Baba huja kusimama nyuma yangu akijifanya anatafuta pini, kisha husema niandike kwamba anakula, na kwamba anakusalimu. Mimi nilijua mnachofanya. Nadhani nawe ulijua.

Sasa kaa vizuri, dada. Chaki alikufa. Miezi saba imepita, na nilishindwa kukuambia. Ilikuwa mchana, mezani, ndani ya kile kipande cha jua. Baba alichora akimzunguka kama siku zote, akangoja ainuke. Alingoja sana. Jua likasogea, Chaki hakulifuata, ndipo tulipojua. Tulimzika nyuma ya duka, ndani ya kitambaa kilekile chenye mstari wake. Nilitaka kukuandikia siku hiyohiyo, Baba akanizuia. Alisema kama Chaki hayupo, utakuwa unaandika kumuulizia nani.

Kwa hiyo barua nne nimekuficha. Nilikuandikia kwamba Chaki amezeeka, kwamba hali mpaka abembelezwe. Nikakuandikia kwamba macho yake yameingia ukungu, anajigonga kwenye viti, na saa kumi na moja kasoro bado huenda mlangoni, mtu akipita huinua kichwa, akisikia si wewe hukishusha. Ukanijibu nimwoshe macho kwa maji ya uvuguvugu, nisimwache peke yake, na nimwambie unamkumbuka. Dada, katika hayo sikutunga hata moja. Ila hayakuwa ya Chaki.

Namwosha macho kila asubuhi kama ulivyoagiza, na hutulia kama mtoto. Kwamba unamkumbuka bado sijamwambia, kwa sababu hilo si langu kulisema. Mkasi aliuweka chini mwenyewe mwezi jana, bila kuambiwa na mtu. Ameutundika kwenye msumari juu ya cherehani yako, na mimi amenikataza kuugusa.

Nisalimie yule mwenzako wa chumba anayekoroma, na usiache kula asubuhi. Barua hii nimeandika peke yangu, Baba hajui nilichosema ndani. Ninavyomalizia ni saa kumi na moja kasoro, na amekwisha kuweka kiti chake mlangoni. Sasa hivi amegeuka kuniuliza kama nimekumbuka kukuandikia kwamba Chaki anakusalimu.

Nimemwambia nimekumbuka.

Mdogo wako,
Kifungo