Waya wa Ramani kwenye Pikipiki ya Munther

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Madaba, Jordan

Jina: Nidal Farraj
Umri: miaka 51
Kazi: fundi wa viti vya magari na pikipiki
Makazi: Madaba, nyuma ya soko la mboga

Munther Hijazin ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na ndiye kiongozi wa msafara wetu wa pikipiki. Nalitaja mapema asije mtu akasema nilificha.

Mnamo tarehe 8 Mei, Alhamisi jioni, Munther alikuja karakana kwangu kufunga GPS, kile kifaa cha ramani, kwenye pikipiki yake. Nilimwambia achukue umeme kwenye betri, aweke fyuzi na rilei, ile swichi ndogo ya umeme, ili kifaa kiwake na kuzima kwa ufunguo. Akacheka. "Shemeji, wewe shona viti. Umeme niachie mimi." Sakafu yangu ina mteremko, kwa hiyo alikuwa ameufunga mkono wa breki kwa mpira, pikipiki isiserereke. Akachokoachokoa chini ya kiti kwa taa ya kupimia, akapata waya unaoiwasha akifungua ufunguo, akaunga hapo hapo. Kifaa kikawaka. Alinitambia mpaka kahawa ikapoa.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tuliondoka watatu: Munther mbele, Rula Shweihat, mfamasia, katikati, mimi nyuma. Tulipofika kituo cha mafuta cha Dhiban, ramani ilikuwa giza tupu. Ndipo tukagundua kwamba ule waya ni wa taa ya breki. Kule karakana mpira ulikuwa umeishika breki muda wote, ndiyo maana waya ukawa na umeme. Nikamwambia tuukate pale pale, kazi ya dakika chache. Akasema, "Ah, nikigusa breki kidogo inaonekana. Usinitie mkosi."

Rula akamuuliza, "Ami, ramani ya nini? Si barabara ni moja?"

Ni kweli. Barabara ya kushukia bonde la Mujib ni moja, haina njia panda, huwezi kupotea hata ukitaka. Akamjibu, "Binti, mimi napenda kuziona kona kabla hazijafika." Kona zile zile alizozipita tangu angali na nywele!

Tukashuka. Taa yake ya breki iliwaka kutoka juu bila kuzima. Nilipiga honi, nikapunga mkono, wapi! Mwaka mzima hasikii la mtu. Sasa Rula angejuaje lini anafunga breki kweli na lini anatazama ramani? Mnamo saa tatu na nusu mbuzi walikatiza mbele. Munther akafunga breki kweli, lakini taa ilikuwa imeshawaka, hakuna kilichobadilika. Rula alimkwepa, akagonga ukuta wa mawe. Mguu wake wa kulia ulivunjika. Nilipomshika kichwa aliniuliza, "Nilikosea wapi?" Swali hilo linaniuma hadi sasa.

Munther aliwaambia askari kwamba alifuatwa karibu mno, na Rula ndiye aliyefunguliwa shitaka.

Jana wazee walikwenda kwa baba yake Rula kusuluhisha, nami nikabebwa. Munther akatangaza mbele ya watu kwamba amemsamehe binti. Amemsamehe! Mtu amelala hospitali na vyuma mguuni! Baba wa watu, mnyonge, alikuwa tayari kukubali kosa la mwanawe ili yaishe. Akaniambia kwa jina langu la heshima, "Kunywa kahawa, Abu Salim." Nikakirudisha kikombe chini. Kahawa ile ukiinywa umekubali. Nikasema, "Siinywi. Binti hana kosa."

Leo asubuhi Munther kanipigia simu. "Shemeji, nifungie ile rilei leo leo, kimya kimya." Sasa ndiyo anaitaka rilei! Pikipiki iko karakana kwangu, waya sijaugusa, na ufunguo huu hapa. Mke wangu hasemi nami. Basi, asiseme.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nakiri ni maneno yangu.

Sahihi: N. Farraj

MAELEZO YA AFISA: Nimekwenda karakana na shahidi. Nilifungua ufunguo, kifaa kikabaki giza. Nilishika breki, kikawaka na kuonyesha kona za Mujib. Nilipoachia, kikazima. Nikiwa bado napima, Bw. Munther aliingia na rilei mpya mkononi. Rilei hiyo imechukuliwa kuwa kielelezo. Napendekeza shitaka dhidi ya Bi. Rula lifutwe.

Shahidi aliomba simu ampigie Bi. Rula wodini. Nilimruhusu. Alimwambia neno moja tu: "Hukukosea."

Koplo Tareq Zaben