Dawa ya Valvu Juu ya Ngozi ya Kunolea

Naviundu, Lubumbashi

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya huko Kongolo, na kwamba goti limekubali tena kukubeba siku nzima nyuma ya kiti chako cha kinyozi. Mimi ni mzima wa mwili. Roho bado ina hasira.

Unajua kwamba, nikingojea kazi inayolingana na diploma yangu ya madini, nanyoa katika saloni moja hapa mtaani. Mwenye saloni, Patron Kaseba, ana ujinga usio hata na haya. Ngozi ya kunolea wembe huipaka dawa ya kusagia valvu, ile ya mafundi wa magari, nene kama karanga iliyosagwa juu ya mkate. Nilimweleza kwa adabu kwamba kwa makali ya wembe dawa hiyo ni mchanga mtupu. Kwamba dawa laini hupakwa kidogo, wembe ukapitishwa mara chache, kisha ukamaliziwa kwenye ngozi tupu, kama ulivyonifundisha kabla ya profesa yeyote. Akacheka mbele ya wateja, akaniita injinia kwa kejeli, kama wanavyoniita wote hapo.

"Ingénieur, weye unasomaka mu bitabu. Mie ninanyoaka bantu."

Bantu hao hutoka kwake na shingo nyekundu kama udongo.

Jumamosi alikuja bwana harusi, akanitaka mimi. Nilichukua wembe wako, ule ulionikabidhi siku ya diploma, nikaanza. Kidevu kikachanika mara mbili.

"Ingénieur, hii ni kunyoa ao kulima?" bwana harusi akauliza.

Patron akatabasamu. "Nilikunolea wembe yako asubui, pa ngozi yangu. Ilikuwa imechoka."

Nikaukunja wembe, nikavua koti la kazi, nikaondoka. Anayenoa kwa dawa ya injini na anyoe injini.

Lakini sharti niseme lote, Baba. Ulinifundisha kuujaribu wembe kwa unywele mmoja kabla ya kugusa uso wa mtu. Siku hiyo sikuujaribu. Nilikuwa nikimdharau Patron mno hata nikajisahau, na mtu yule akaenda kanisani na plasta mbili.

Sasa naunoa upya kila asubuhi kwa jiwe na maji. Sijui kama makali yake yatarudi.

Nisalimie Mama, shangazi muuza unga, na mdogo wangu fundi baiskeli. Dawa zake za karakana zikae mbali na ngozi yako ya kunolea. Noeli nitakuja kukunyoa kwa wembe huohuo. Wewe husema mteja akisinzia kitini, wembe uko sawa. Sitakuuliza neno, nitatazama macho yako.

Mwanao mtiifu,
Ilunga