Siku Uliponiambia Nikushike

Baba mukwe,

Ulipokuwa hai nisingethubutu kukuandikia. Tangu nilipoolewa hapa Kilibula nilikuwa nakuwekea chakula mezani na kutoka. Hatukula pamoja, hata mkono hatukupeana; ndivyo nilivyolelewa kwetu Runingu kumheshimu baba mukwe. Ulikuwa ukikohoa kidogo mlangoni ili nijue unaingia. Nilikupenda kwa kikohozi kile.

Kisha jongo likakushika kidole gumba cha mguu, hata shuka ikikugusa unauma meno. Ukapewa dawa ya kumeza kila siku, alopurinoli. Mguu ukatulia, ukaanza tena kutembea hadi ziwani asubuhi. Tukashukuru Mungu.

Wiki chache baadaye ikaja homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, na upele uliogeuka malengelenge. Tulidhani surua. Daktari alipotueleza kwamba mwili wako umeikataa ile dawa, na kukuachisha papo hapo, ngozi ya mgongo ilikuwa inabanduka kama ya mtu aliyeungua. Alisema hutokea kwa wachache sana.

Mama mukwe alikwisha kututangulia. Mume wangu, mtoto wako wa pekee, alikuwa Kalemie anangoja meli. Nikabaki nimesimama mbali na kitanda chako, beseni la maji mkononi, sijui nifanye nini. Ukanitazama kwa lile jicho lililokuwa bado linafunguka.

"Mutoto wangu," ukasema, "heshima tumeshapeana ya kutosha. Kuya unishike."

Nikakuosha. Nikakudondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Niliogopa kukuumiza, na weye, mgonjwa, ndiwe uliyenituliza, ukiniuliza habari za mihogo ya kwetu.

Mwanao alipofika ulikuwa bado unaongea. Ukamwambia, "Huyu ni binti yangu." Kesho yake ukaondoka.

Hivi majuzi kidole gumba cha mume wangu nacho kilivimba. Niliogopa, Baba. Nikamsindikiza kwa daktari, na kabla hajaandika dawa nikamweleza yote yaliyokupata. Akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kukataa dawa namna hiyo pengine hurithiwa katika damu, toka baba hadi mtoto, akampa nyingine. Sasa anakanyaga chini vizuri, ila ananung'unikia nyama ya mbuzi aliyokatazwa kwa sababu ya jongo.

Jina la dawa ile watoto wetu watalijua, na watalitaja kwa kila daktari. Nitawafundisha pia heshima, kama ulivyoishi nayo. Na nitawaambia kuna siku ya kuiweka kando, mgonjwa akashikwa kwa mikono.

Pumzika, Papa.

Binti yako